Mabawa ya Kitani: Watu Wanaozifufua Ndege za Zamani

Katika kijiji cha Old Warden, jimbo la Bedfordshire nchini Uingereza, kuna kiwanja kidogo cha ndege kisicho na lami. Njia yake ya kurukia ni nyasi tupu zilizofyekwa vizuri, na kando yake yamejipanga mabanda yanayohifadhi ndege ambazo baadhi yake zina umri mkubwa kuliko bibi zetu. Jioni za miezi ya joto, jua linapoinama, watu huketi nyasini pamoja na watoto wao na vikapu vya chakula, na wote hungoja jambo moja: upepo utulie. Sisi wa pwani twaijua kazi ya kungojea upepo, ila sisi huungoja uje ili tanga lijae, nao huungoja uondoke.

Sababu yao ni hii. Ndege iliyo kongwe kuliko zote kiwanjani hapo ni Blériot ya mwaka 1909, ya aina ileile iliyomvusha Mfaransa Louis Blériot mlango wa bahari baina ya nchi yake na Uingereza tarehe 25 Julai mwaka huo. Injini yake ina silinda 3 na nguvu za farasi 24, ambazo leo hazimridhishi hata mwenye tuktuk ya mizigo. Upepo ukiwa bado unatikisa matawi, haitolewi bandani. Ukitulia kabisa, husukumwa nje kwa mikono, ikawashwa, ikakimbia nyasini, ikainuka kidogo tu juu ya ardhi, kisha ikatua palepale mbele yake. Kuzunguka kiwanja haithubutu. Na kwa kuinuka huko kwa kitambo kifupi, umati mzima hupiga makofi kama uliyeona mtoto akipiga hatua zake za kwanza.

Ni watu gani hawa wanaotumia fedha, miaka na macho yao kwa mashine zilizokwisha kupitwa na wakati zamani za kale? Jambo hili linawahusu wasomaji wetu kuliko linavyoonekana kwa mbali, maana ndani yake mna wanawake wengi, mna cherehani na sindano, na mna njia iliyopita katika ardhi yetu wenyewe.

Mkusanyo wa Old Warden ulianzishwa na kijana aitwaye Richard Ormonde Shuttleworth, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1909. Baba yake, wa ukoo uliotajirika kwa kutengeneza mitambo ya mvuke na zana za kilimo, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 3, na mama yake, Bi. Dorothy, akabaki mjane na mwana wa pekee. Kijana alipokua alipenda magari ya mashindano, kisha akapenda ndege. Mwaka 1932 alinunua ndege yake ya kwanza, de Havilland Moth iliyotumika. Baadaye akaanza kuokota zile ambazo wenzake walizihesabu takataka: zilizosahauliwa mazizini na kwenye maghala, zenye panya ndani na kuku juu. Hiyo Blériot aliipata mwaka 1935. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alijiunga na jeshi la anga, na usiku wa tarehe 2 Agosti 1940, akiwa katika mazoezi, ndege aliyokuwa akiirusha ilianguka akafa. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Tutarudi kwa Bi. Dorothy. Kwanza tumweleze msomaji hiyo Moth, kwa kuwa ndiyo iliyowatoa angani matajiri na wanajeshi peke yao na kuwaingiza watu wengine.

Mwasisi wake, Geoffrey de Havilland, aliirusha kwa mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1925 katika kiwanja cha Stag Lane, kaskazini ya London. Alikuwa mpenzi wa vipepeo na nondo, ndiyo maana akaiita jina la nondo, na wadudu wenyewe hukunja mabawa yao wanapotua. Moth nayo hukunja. Mabawa yake mawili ya kila upande, moja juu ya jingine, hulazwa nyuma kuelekea mkiani, na ndege nzima ikaingia katika banda lisilo kubwa sana. Ina viti viwili vya wazi, kimoja nyuma ya kingine, na abiria na rubani husemezana kwa mpira wa bomba wenye kikombe cha kutilia mdomo. Haikuhitaji kikosi cha mafundi wala ghala la serikali. Baada ya miaka michache ikapewa injini mpya iliyoitwa Gipsy, na mwaka 1931 akazaliwa mdogo wake, Tiger Moth, aliyefundishiwa maelfu ya marubani wa vita. Za Tiger Moth ziliundwa zaidi ya 8,000. Vita vilipokwisha, ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Wengine walizinunua kwa ajili ya injini tu, na nyingine zikaenda kunyunyizia mbolea katika mashamba ya Australia na New Zealand. Zilizosalia ndizo zinazogombewa leo. Wapenzi wa Moth wana chama chao, de Havilland Moth Club, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho hukusanya michoro, vipuri na, lililo kubwa zaidi, ujuzi wa wazee kabla haujazikwa nao.

Sasa tuingie karakanani. Mtu anaponunua ndege ya namna hii, mara nyingi hununua rundo: boriti zilizovunjika, magurudumu yasiyo na mpira, injini iliyoshikana kwa kutu, na kibati kidogo chenye nambari. Kazi ya kwanza ni kuvua. Kitambaa chote hukatwa na kutolewa, na hapo ndipo ukweli huonekana. Bawa la Moth ni kiunzi cha mti mwepesi wa jamii ya msonobari utokao Amerika ya Kaskazini, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo. Kuna boriti mbili ndefu kutoka shinani hadi nchani, na juu yake zimepangwa mbavu nyembamba, kila moja imeundwa kwa vijiti na kugundishwa. Fundi wa Matondoni akioneshwa kiunzi hicho hatauliza ni kitu gani. Atauliza mbona mataruma ni membamba hivyo.

Adui mkubwa ni gundi. Gundi iliyotumika miaka ya 1920 ilitokana na maziwa. Maziwa yaliyotolewa siagi huganda, mgando wake ukakaushwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa na maji. Ikikauka hushika mti barabara, lakini unyevu ukiingia huanza kuoza kama kitu chochote cha maziwa, na kwa nje huoni lolote. Kiungo chaonekana kizima, ukikibonyeza kinaachana. Kwa hiyo mfufuaji hawezi kukitazama kiungo akakisadiki. Hukifungua kila kimoja, akakisafisha, akakigundisha upya kwa gundi za kisasa zisizoogopa maji, na mkaguzi huja kutazama kabla ya kitambaa kurudishwa, kwa sababu kikishawekwa hakuna atakayeona ndani tena kwa miaka mingi. Kazi ya miaka 5 au 10 kwa ndege moja si ajabu kwa watu wanaofanya mwisho wa juma tu, na ndoa kadhaa, twasikia, zimepimwa humo karakanani.

Kisha huja kitambaa, na hapa tunawaomba mafundi cherehani wetu wa Mji wa Kale wasikilize. Ndege za wakati ule zilivishwa kitani safi, kilichofumwa kwa nyuzi za Ireland. Vipande hushonwa kwa cherehani kwa mshono wa kukunja maradufu, vikawa mfuko mrefu, na bawa likaingizwa ndani yake kama mto unavyoingizwa katika foronya. Mdomo wa mfuko hufungwa kwa mkono. Baada ya hapo, kwa sindano ndefu inayotokea upande wa pili wa bawa, kitambaa hushonewa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo kwa nafasi zilizopimwa, watu wawili wakisimama juu na chini na kupokezana sindano. Fundo moja likilegea, lile la pili yake lazima limudu kubeba, maana hewa ipitayo juu ya bawa hukivuta kitambaa kwa juu bila kukoma. Juu ya mishono hubandikwa utepe wa kitani wenye kingo za meno. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza kazi hii ilijaza viwanda na wanawake, na sababu waliyoambiwa ilikuwa moja tu: vidole vyao vilikwisha kuijua sindano.

Hadi hapo kitambaa kimelegea kama shuka. Hupakwa dawa maalumu, nyembamba kama maji na yenye harufu kali ya rangi ya kucha, safu juu ya safu. Kila safu inapokauka, kitani hujikaza, mwisho ukikigonga kwa kidole hulia kama ngoma iliyowambwa na kuoteshwa moto. Dawa hiyo inawaka upesi sana na mvuke wake haufai kuvutwa, kwa hiyo hupakwa penye hewa ya kutosha na pasipo cheche. Siku hizi wengi hutumia kitambaa cha poliesta badala ya kitani, nacho hukazwa kwa pasi. Ndiyo, pasi ya nguo, ila moto wake hupimwa kwa makini. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kudanganya. Sisi hatuoni dhambi. Mshono wa mkono kwenye mbavu bado hutumika hata leo, na poliesta hudumu zaidi.

Tukiwa bado kwenye kitambaa, kuna kisa cha Bi. Amy Johnson, binti wa mfanyabiashara wa samaki wa mji wa Hull. Tarehe 5 Mei 1930 aliondoka Croydon peke yake kwa Gipsy Moth iliyotumika, akafika Darwin, Australia, tarehe 24 Mei, mwanamke wa kwanza kuruka njia hiyo peke yake. Ndege hiyo aliiita Jason, ambayo ilikuwa alama ya biashara ya samaki ya babake. Alipofika karibu na Rangoon aliteremka mahali pasipofaa, ndege ikatumbukia mtaroni na bawa likachanika. Kwa mujibu wa walioandika maisha yake, kitani cha kuziba kilipatikana katika mashati: baada ya vita, mabaki ya kitambaa cha ndege yalikuwa yameshonwa mashati huko, na sasa mashati yakafumuliwa kurudi kuwa bawa. Bi. Amy mwenyewe hakuwa rubani tu, alikuwa na leseni ya ufundi wa ndege, naye aliifungua na kuifunga injini yake kwa mikono yake.

Injini nazo zina ulimwengu wao. Moth na Tiger Moth huwashwa kwa mkono. Mmoja huketi ndani, mwingine husimama mbele ya pangaboi, na husemezana kwa sauti, neno na jawabu, mpaka anayesimama ahakikishe swichi imezimwa anapolizungusha kuvuta petroli, na imewashwa anapolipiga kwa nguvu na kurudi nyuma. Asiyesikiliza hupoteza vidole au zaidi. Nyingine za zamani zaidi, zile ambazo silinda zake zote huzunguka pamoja na pangaboi, hulainishwa kwa mafuta ya mbarika, kwa sababu mafuta hayo hayachanganyiki na petroli. Yakishatumika hutapikwa hewani na kumrudia rubani usoni. Kila mama aliyewahi kumnywesha mtoto kijiko cha mafuta hayo atakisia matokeo, na marubani wa enzi hizo waliyasimulia bila haya.

Habari hii ina mlango wake kwetu. Mwaka 1929 mjane aishiye Kenya, Bi. Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways mjini Nairobi, la kwanza nchini, akianza na Gipsy Moth na rubani aliyeitwa Tom Campbell Black. Kiwanja cha Wilson, ambako wengi wetu tumeteremka tukitoka Lamu au Malindi, kimechukua jina la mama huyo tangu mwaka 1962. Campbell Black ndiye aliyemfundisha urubani Bi. Beryl Markham, ambaye Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza akielekea magharibi, dhidi ya upepo, akatua topeni huko Nova Scotia. Na Moth iliacha msiba katika jimbo letu vilevile. Denys Finch Hatton, aliyekuwa na nyumba Takaungu na ambaye habari zake zilifanywa filamu, alianguka na Gipsy Moth yake mara baada ya kuruka kutoka Voi tarehe 14 Mei 1931. Filamu na vitabu humtaja yeye. Aghalabu humsahau Kamau, mtumishi wake, aliyekuwa kiti cha pili na akafa naye.

Campbell Black aliondoka Kenya, na Oktoba 1934 yeye na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano makubwa ya ndege kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, kwa muda usiozidi siku 3. Ndege yao nyekundu, Comet ya injini mbili, iliundwa kwa mbao. Miaka ikapita, ikachakaa, ikatundikwa katika maonyesho ya London ya mwaka 1951, na mnamo 1965 ikaingia Old Warden ikiwa haiwezi tena kuruka. Mafundi, wanafunzi wa ufundi na watu wa kujitolea waliishughulikia zaidi ya miaka 20. Iliruka tena Mei 1987, ikaharibika baadaye katika kutua, ikarudi karakanani, na mwaka 2014 ikapaa kutoka nyasi za Old Warden. Campbell Black hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1936 katika kiwanja cha Liverpool, alipogongwa na ndege nyingine akiwa bado ardhini.

Tusimsahau dada yetu wa Misri. Bi. Lotfia El Nadi, aliyezaliwa Cairo mwaka 1907, alitaka kujifunza urubani katika shule ya Misr Airwork iliyotumia ndege hizihizi za Moth. Baba hakukubali na ada hakuwa nayo. Akaomba kazi ofisini humohumo shuleni, akapokea simu na kuandika barua, na mshahara wake ukalipa masomo, mama yake akijua na baba hajui. Alipata leseni mwaka 1933, mwanamke wa kwanza wa nchi yake. Baba alisoma habari hiyo magazetini. Alikasirika, na binti akamtuliza kwa kumpandisha ndege akamzungusha juu ya Cairo na mapiramidi. Hatuwashauri mabinti wetu kuficha mambo nyumbani, lakini twakiri kwamba mzee yule alipewa maelezo ambayo si rahisi kuyapinga.

Linabaki swali ambalo wafufuaji wenyewe hawaliafikiani. Je, kitu cha thamani kama hiki kirushwe au kitundikwe? Jason ya Bi. Amy imetundikwa katika jumba la makumbusho ya sayansi la London, na haitaanguka kamwe. Kinachoruka huweza kuanguka. Tarehe 4 Agosti 2018 ndege ya abiria ya Junkers iliyoundwa mwaka 1939, kubwa kuliko hizi tunazozieleza, ilianguka katika milima ya Uswisi na watu wote 20 wakafa. Wachunguzi waliwalaumu marubani kwa kuruka chini mno katika bonde, na walipoichambua wakakuta kutu na kasoro za matunzo ambazo hazikuhusika na ajali lakini zilitisha. Anayesema mapenzi yanatosha kumlinda abiria na asome taarifa ile.

Hata hivyo twaegemea upande wa wanaorusha, kwa sharti la Old Warden: kila ndege kwa kadiri ya nguvu zake, na upepo ukiwepo, basi, watu warudi nyumbani. Sababu yetu ni ya ufundi. Ndege iliyotundikwa haihitaji mtu ajuaye kufunga fundo la ubavu, wala ajuaye gundi ya maziwa inavyooza, wala wa kusikia injini ikikohoa akajua ni silinda gani. Mtepe wa kushonwa kwa kamba ulipoacha kusafiri hapa kwetu, mkono wa kuushona nao ulikwenda, na waliotaka baadaye kuunda mfano wake walilazimika kuutafuta ujuzi huo katika picha na kumbukumbu.

Bi. Dorothy alikuwa na kila haki ya kuchagua njia nyingine. Mwana wake wa pekee aliuawa na ndege, na mabanda yalikuwa yamejaa ndege. Angeziuza, angezichoma, na hakuna ambaye angemlaumu. Wakati wa vita aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa kupumzishia wanaanga waliojeruhiwa, na mwaka 1944 akaiweka wakfu mali yote, nyumba, mashamba na mkusanyo, kwa jina la mwanawe, kwa ajili ya mafunzo ya urubani na kilimo. Chuo cha kilimo kilifunguliwa mwaka 1946, na askari waliorudi vitani wakapata mahali pa kuanzia upya. Mabanda yakafunguliwa kwa umma mwaka 1963, naye aliishi hadi mwaka 1968. Ile Moth aliyoinunua Richard mwaka 1932 haijahama kiwanja hicho, na jioni upepo unapotulia huwa miongoni mwa zinazotolewa nje.